Mkonge ni wa bustani, si wa mpaka

KILA ifikapo Juni, mvua ikishakatika hapa Rumonge, ni michikichi tu inayobaki na heshima yake. Mchicha hunyauka, migomba hukunja majani, na vumbi la barabara ya Nyanza-Lac hutua juu ya kila kitu hadi Septemba. Ndipo sisi tuliorudi kutoka Kigoma na Tabora tunapoukumbuka mkonge tuliouacha kule, uliosimama kijani bila mtu kuumwagilia hata kopo moja.

Mimi nilizaliwa Ulyankulu, nikarudi mwaka 2008. Miche yangu ilivuka mpaka ndani ya gunia moja na masufuria. Vijana walinicheka kwamba nimebeba miba. Wazee hawakucheka, kwa sababu wengi wa rika la baba zao walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika enzi za ukoloni, na wanaujua.

Mkonge nao ni mhamiaji. Asili yake ni Meksiko. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62, Tanganyika ilikuja kuvuna tani zipatazo 230,000 mwaka 1964. Siri yake ni kwamba hufungua vitundu vya majani usiku, mchana ukavifunga, hivyo jua halipati nafasi ya kuunyonya maji.

Kwa hiyo simkatazi mtu kuupanda. Anayetaka bustani isiyodai maji, mkonge mkubwa ni pambo, hasa ule wa majani ya kijivu ambayo hufika urefu wa karibu mita mbili. Uchague mahali pa mwinuko, upande wa vilimani, penye changarawe. Inua tuta, mche usiuzamishe, mwagilia kidogo msimu wa kwanza, kisha uuache. Uweke mita tatu kutoka njia ya watoto, maana mwiba wa ncha hautanii na utomvu wake huwasha ngozi. Kule chini kando ya ziwa usijisumbue. Mwaka 2024 Tanganyika ilipanda hadi kuingia kwenye nyumba za watu, na mkonge huoza mizizi ikikaa majini.

Kosa langu lilikuwa jingine. Niliupanda kwenye mpaka wa kiwanja.

Wenzangu mnajua mpaka maana yake nini hapa. Waliokimbia mwaka 1972 walikuta mashamba yao yana watu wengine, na wengine waliyakuta yamegawiwa kwa karatasi ya serikali. Tume ya ardhi na mali nyingine iliundwa mwaka 2006, nayo ilimaliza muda wake mwaka 2022, lakini ugomvi haukumalizika nayo. Mimi na jirani tulikubaliana kugawana shamba mbele ya Bashingantahe, na ili jambo lishike nikapanda mstari wa mkonge siku ileile. Niliona nimefanya busara.

Mkonge haukai palepale. Chini hutoa maotea, na hayo hutokea hatua moja au mbili kutoka kwa mama. Juu ya mlingoti wa maua huzaa vikonyo, ambavyo huanguka vikaota vinapotaka. Baada ya miaka kama kumi mama akatoa maua, akafa. Sehemu niliyopanda pakawa na shimo, watoto wakawa wamesimama upande wa jirani. Yeye akasema namla ardhi. Mimi nikasema mkonge ndio huo, hesabu mwenyewe. Tulinuniana misimu miwili, hata kwenye msiba wa mama yake sikwenda. Wazee walipokuja kupima kwa kamba, jirani alikuwa sahihi kwa hatua moja na nusu.

Aibu ile nimeibeba. Sasa tunang'oa maotea pamoja kila Septemba kabla ya mvua, na mkonge nimeurudisha ndani ya bustani yangu. Mpakani tumezika mawe.

Ninyi mnaopita Manyovu na Mugina, au mnaokuja kwa boti kutoka Kigoma, nimeona miche ya mkonge ikiuzwa pamoja na dagaa. Biashara ni halali, ila chukueni cheti cha afya ya mimea, na muiangalie miche kabla ya kulipa. Fukusi wa mkonge hutaga ndani ya shina, na mche huonekana mzima hadi siku utakapolala kwenye kitovu chake. Kata kidogo chini, kukiwa na rangi nyeusi au harufu ya kuoza, uache hapohapo.

Kwa wakuu wa komuni nina ombi. Sheria ya ardhi ya mwaka 2011 iliwapa kazi ya kutoa cheti cha ardhi, lakini mkulima wa kilimani anapoulizia gharama hurudi nyumbani akapande mti. Anaporudi kutoka kambini na karatasi zake, apimiwe kiwanja na kuwekewa mawe msimu huohuo, jirani akiwepo na Bashingantahe wakiwepo, kwa ada ambayo muuza mawese wa gengeni anaweza kuitoa.