Mchoro wenye vipimo ni akiba kwa mkulima wa Kibosho

WAKULIMA wengi wa kahawa wa Kibosho, mashine ya kumenyea inapoharibika, hubeba kifaa kilichochakaa hadi kwa fundi mjini Moshi na kuagiza kingine kama hicho. Fundi hukadiria kwa macho, huchomelea na kulipwa. Hasara huonekana wakati wa mavuno.

Mashine hiyo ina pipa lililofunikwa kwa bati lenye vinundu, linalozunguka karibu na kipande cha chuma. Nafasi kati yake ikiwa finyu, punje huchubuka. Ikiwa pana, tunda hupita bila kumenywa. Tofauti hiyo ni ya milimita tu, lakini kahawa iliyochubuka hushuka daraja, na bei hushuka nayo.

Hapo ndipo uchoraji wa kiufundi unapogusa mfuko wa mkulima. Mchoro huonyesha kifaa kikitazamwa kutoka mbele, juu na ubavuni, kila sehemu na kipimo chake. Mwenye mchoro anaweza kulinganisha bei za mafundi wawili kwa kazi ile ile, na kukataa kifaa kisicholingana na makubaliano. Aidha, chama cha msingi kikigharamia mchoro mmoja, wanachama wote wenye mashine ya aina hiyo watautumia.

Kompyuta imerahisisha kazi hii. Programu ya AutoCAD iliingia sokoni mwaka 1982, na leo zipo FreeCAD na LibreCAD zinazopatikana bila malipo. Kipimo hurekebishwa bila kuchora upya, na mchoro hutumwa kwa simu.

Hata hivyo, kompyuta haijui kama kipimo ulichoiandikia ni sahihi. Kijana asiyeweza kusoma mchoro wa karatasi atatoa picha ya kupendeza ambayo hakuna fundi atakayeikereza.

Jambo hili linawahusu wazazi. Vihamba vimegawanywa kwa watoto hadi vimekuwa vidogo, na wengi huuza kahawa au ndizi ili kijana apate ufundi. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Moshi; Chuo cha Ufundi Arusha kilianza mwaka 1978. Vipo pia vituo vya mitaani vinavyotoa kozi fupi za kompyuta.

Kabla ya kulipa ada, mzazi aulize: je, mwanafunzi huanza kwa penseli na rula? Hupima vifaa halisi? Karakana ipo?

Baada ya mafunzo, kipimo ni kimoja. Kijana apewe kifaa kilichochakaa akipime na kukichora, kisha fundi mwingine akitengeneze kwa kufuata mchoro huo tu. Kikiingia kwenye mashine bila kupigwa nyundo, ada haikupotea.