Kukodi gari ugenini: Hesabu ianzie kwenye mkataba

Mfanyabiashara wa Ngara au Kahama anayekwenda Kigali kutafuta wanunuzi wa mchele huona ni nafuu kukodi gari dogo na kuliendesha mwenyewe kwa siku mbili tatu, kuliko kulipa teksi kila aendako. Hesabu hiyo yaweza kuwa sahihi. Tatizo ni kwamba wengi huuliza bei ya siku tu, kisha husaini mkataba bila kuusoma.

Bei ya siku si gharama yote. Mikataba mingi, hata gari likiwa na bima kubwa, humtaka aliyekodi abebe sehemu ya kwanza ya hasara. Kwa mfano, gari la Sh100,000 kwa siku hugharimu Sh300,000 kwa siku tatu. Lakini mkataba ukisema aliyekodi atabeba Sh2 milioni za mwanzo, ajali moja yaweza kumeza fedha hizo zote. Kwa anayepata faida ya Sh10,000 kwa gunia, hiyo ni faida ya magunia 200.

Kwa hiyo, kabla ya kupokea ufunguo, mambo manne yaulizwe: kiasi hicho cha hasara, dhamana inayowekwa na siku ya kurudishwa kwake, kiwango cha mafuta, na kama gari linaruhusiwa kuvuka mpaka. Aidha, mikwaruzo yote iandikwe na kupigwa picha mbele ya mwenye gari, ili mgeni asije akalipia makosa ya aliyemtangulia. Tairi la akiba na jeki navyo vikaguliwe.

Barabarani, ikumbukwe kwamba Rwanda, kama Burundi na Kongo, huendesha kulia. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Kwenye kipilefti cha Kigali, magari yaliyokwishaingia hutokea kushoto kwa dereva, si kulia alikozoea. Hatari huwa kubwa zaidi alfajiri, barabara ikiwa tupu, au mtu anapotoka kituo cha mafuta, kwani mazoea humrudisha kushoto bila kujijua.

Anayekodi gari Tanzania na kuvuka nalo Rusumo anahitaji pia ruhusa ya maandishi ya mwenye gari na Kadi ya Njano ya COMESA. Kadi hiyo humfidia mtu wa tatu aliyepata madhara. Haitengenezi gari lililokodiwa.

Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Vyama vya wafanyabiashara vya pande zote mbili vina hoja ya kudai mikataba hii iandikwe pia kwa Kiswahili. Hadi hapo, asiyeielewa lugha ya mkataba amtafute wa kumsomea kabla ya kutia saini. Mali bila daftari hupotea bila habari.