Deraya ya Fisi si Deraya ya Mtu

Tumezoea kuambiwa kwamba msanii achoraye wanyama wenye mwendo na maneno ya watu yu huru kuchora apendavyo. Sungura akishasema, wadai watetezi wa rai hiyo, kuna haja gani ya kuuliza kama viatu vyake vyamtosha? Rai hii imeenea, nasi twaipinga. Twaipinga hasa kwa sababu ya jambo lililoshamiri siku hizi katika vitabu vya picha, katuni na michezo ya kompyuta, nalo ni kuwavika wanyama wa hadithi deraya za mabamba ya chuma, zile zilizovaliwa na wapiganaji wa Ulaya katika karne ya 15 na ya 16. Huchukuliwa deraya ya mtu nzima nzima, kichwa cha mtu kikaondolewa, cha simba au cha fisi kikabandikwa mahali pake, kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Twakataa kuiita kazi hiyo ubunifu. Ni kutia kiraka.

Hadithi ina ruhusa ya kusema uwongo wake mkubwa, kwamba fisi asimama kwa miguu miwili na kushika upanga. Msomaji akiukubali uwongo huo, deni lahamia kwa msanii. Sisi tuliolelewa katika mashairi ya vina na mizani twalifahamu vema jambo hili. Hakuna aliyemshurutisha mshairi kuchagua mizani kumi na sita; lakini akishaichagua, mshororo ukipungua huitwa guni, wala hasamehewi kwa kusema kwamba habari aliyoitunga ni ya kubuni.

Yafaa kwanza tuondoe dhana moja potofu. Wengi hudhani deraya ya mabamba ilikuwa kasha la chuma ambamo mtu alitumbukizwa, asiweze kuinuka akianguka. La hasha! Deraya ya vitani ilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 25 hivi, na uzito huo ulitawanywa mwili mzima. Mafundi wa Milan, Augsburg na Nürnberg hawakufua kasha, walifua viungo. Kiwiko, goti, bega na kifundo vilifunikwa kwa vipande vyembamba vilivyopandana kama magamba ya kakakuona, vikashikwa kwa mikanda ya ngozi kwa ndani na kwa misumari mifupi iliyopita katika matundu marefu, ili kipande kimoja kiteleze juu ya kingine. Chini ya chuma mlikuwa na kizibao kizito cha nguo iliyoshonwa tabaka kwa tabaka, chenye kamba za kufungia mabamba. Kwapani na kinenani, ambako bamba lingezuia mwendo, paliwekwa pete za chuma zilizosukwa. Hata unene haukuwa sawa: bamba la kifua aghalabu lilizidi la mgongo, kwa kuwa adui hutazamiwa mbele.

Kwa hiyo fundi aliufahamu mwili kabla hajaigusa nyundo. Ikiwa ndivyo, mwili ukibadilika deraya itabakije ile ile? Nasi tuliotumikia ofisi za serikali kwa miaka mingi twamjua karani mwenye fomu moja kwa kila mwenye shida; mchoraji wetu ni ndugu yake wa damu.

Tumtazame sungura. Macho yake yako kando ya kichwa, naye huona karibu pande zote bila kugeuka. Mchoraji humvika kofia ya mpanda farasi, yenye mwanya mwembamba mbele ya uso. Amempofusha! Mwanya ule ulikatwa kwa ajili ya kiumbe ambaye macho yake mawili hutazama mbele. Jibu la swali la sungura lilikwisha kupatikana Ulaya ile ile, lakini halikuwa kichwani mwa mpanda farasi, lilikuwa kichwani mwa farasi. Farasi wa vita alivikwa bamba la uso lililofuata urefu wa pua yake, lenye matundu ya macho yaliyokaa kando na kingo zilizoinuliwa kuyakinga, na mara nyingi lenye vikinga vya masikio vilivyofuliwa kwa umbo la masikio yenyewe. Matakoni aliwekewa mabamba mapana, na baadhi yalikuwa na kikinga cha shina la mkia. Basi mchoraji asiyejua afanyeje na masikio ya sungura au mkia wa simba hana udhuru.

Wala si farasi tu. Katika jumba la Royal Armouries mjini Leeds, Uingereza, mna deraya ya tembo iliyotoka India, ya miaka ya 1600 hivi. Sehemu zake zilizosalia zina uzito wa kilo 118, nayo imejengwa kwa maelfu ya vibamba vidogo vilivyounganishwa kwa pete. Kwa nini vibamba vidogo? Kwa sababu ngozi ya tembo hukunjamana na mwili wake huyumba atembeapo, naye hawezi kubanwa katika bamba moja pana la kifua. Fundi wa India alimtazama tembo. Hakumtazama mpanda farasi wa Milan.

Sasa miguu, ambako makosa ni mengi kuliko kwingine. Simba, fisi na mbwa hutembea kwa vidole. Kile kionekanacho kama goti lililogeuka nyuma ndicho kisigino, nacho kimeinuliwa juu ya ardhi. Mchoraji akichukua bamba la muundi la mtu na kumfunga nalo fisi, ukingo wake wa chini utamkata kisigino kila apigapo hatua. Mguu wa namna hiyo wahitaji bamba fupi, kisha vipande vinavyopandana kuzunguka kisigino, kisha bamba jingine jembamba mpaka vidoleni. Tena chuma kiwe kidogo kadiri iwezekanavyo. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leeds walichapisha matokeo ya kuwapima watu waliotembea na kukimbia wakiwa wamevaa deraya: kutembea kuliwagharimu nguvu zaidi ya maradufu, na sababu mojawapo ni chuma kilichofungwa miguuni, kwa kuwa kila hatua hukiinua upya. Kama mtu apata taabu hiyo, je, sungura ambaye uhai wake wote umo katika mbio? Mchoraji amwekaye sungura chuma kizito miguuni amemwua kabla ya vita.

Bega nalo lina siri yake. Mtu ana mtulinga mrefu ulioshikana na bega, na sehemu ya uzito wa deraya yake huning'inia hapo, nyingine ikikaa kiunoni juu ya nyonga. Mtulinga wa simba ni kijifupa kidogo kisichoshikana na mifupa mingine. Mabega yake huteleza kando ya kifua, ndiyo maana mwendo wake ni laini vile. Anayetaka kumsimamisha simba amvike bamba la kifua, basi aamue: ama ampe mabega ya mtu waziwazi, ama autegemeze uzito kifuani na kiunoni na kuyaacha mabega huru. Lisilokubalika ni kutolifikiria kabisa.

Fisi twamwachia nafasi yake kwa sababu ya kinywa. Mwishoni mwa karne ya 14 walitokea Ulaya wapiganaji wenye kofia za chuma zilizochongoka mbele kama pua ya mbwa. Pua ile haikuwa pambo. Ilifanya mshale na upanga viteleze, na ilimwachia mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Mchoraji huiona akashangilia: kofia ya fisi hii hapa! Lakini ile nafasi ya pumzi sasa imejaa pua ya fisi mwenyewe, naye hupoza mwili kwa kuhema, kinywa wazi. Basi kofia hiyo haina budi kurefushwa, kutobolewa zaidi, na kuwa na taya la chini lenye bawaba iliyokaa pale pale taya la fisi linapokunjikia. Na fisi asiyeweza kufumbua kinywa atashirikije katika hadithi zetu, ambazo karibu zote zamtaka ale?

Wapo watakaotukabili kwa hoja nyingine, yenye uzito zaidi: kwamba chuma hiki si chetu, na kwamba kuwavika wanyama wetu ni kasumba. Twaiheshimu hoja hii kuliko ile ya kwanza. Wahunzi wa Ufipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, na wa Buhaya walikuwa na ufundi wao. Kazi yao ilikuwa majembe, mikuki na mashoka, na ngao zilikuwa za ngozi. Anayetaka kumchora simba na ngao ya ngozi ya nyati twampongeza. Lakini neno deraya limo katika lugha yetu tangu kale, na tenzi za vita ziliwavika mashujaa wake. Kasumba haiko katika kukitumia chuma cha Milan. Iko katika kukinakili kutoka picha ya mgeni aliyenakili picha nyingine, bila mmoja wao kuuliza bawaba iko wapi, ilhali simba na fisi wenyewe wako Serengeti.

Ndugu walimu, mwanafunzi atakaye kuchora deraya na achore kwanza mifupa. Mbwa apitaye uani mwa shule atatosha kumwonyesha kisigino kilipo. Paka atamwonyesha jinsi kucha za jamii ya simba zinavyorudi ndani, na kwa nini glovu ya chuma ya simba haina budi kuachwa wazi kwenye ncha za vidole. Nao wahariri, michoro ikifika mezani, wamwulize mchoraji swali moja: fisi huyu ataivuaje kofia yake? Asipoweza kujibu, arudishiwe mchoro wake.