Mnaosema Stelingi Hafi

Kaa kwenye kibanda chochote cha video, Sirari, Nyamongo au Mugumu mkoani Mara, na picha haitafika katikati kabla hujamsikia mtu akisema: stelingi hafi. Ndani ya maneno hayo mawili kuna imani nzima. Kwamba stelingi tunampenda kwa kuwa ni mwema na atashinda, na adui tunamchukia kwa kuwa ni mbaya na atapigwa. Imani hiyo imewatoka watazamaji ikawaingia waandishi na waongozaji wetu, na huko inafanya uharibifu. Naipinga yote.

Tuanze na Sholay, picha ya Kihindi ya mwaka 1975. Jai, mmoja wa mastelingi wake wawili, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, anakufa. Nusu karne imepita na watu bado wanaitazama. Zaidi ya Jai, wanamkumbuka adui, Gabbar Singh wa Amjad Khan. Watu wake watatu wamerudi kwa aibu baada ya kushindwa na mastelingi wawili tu. Anaacha risasi tatu ndani ya bastola, anazungusha, anamfyatulia kila mmoja kichwani. Hakuna risasi inayotoka. Gabbar anacheka, wale watatu wanacheka, genge zima linacheka. Kisha anawaua wote. Ubaya peke yake haujampa Gabbar umaarufu huo, maana picha zimejaa majambazi wabaya ambao majina yao hatuyajui. Tunamkumbuka kwa sababu katika kile kicheko angeweza kuwasamehe, na hakuna aliyejua angeamua nini.

Hapo ndipo ninaposimama. Mhusika anatushika pale anapokuwa huru kuchagua na kila chaguo linamgharimu. Wema na ushindi vinakuja nyuma sana.

Hadithi tulizokulia nazo zinathibitisha. Sungura ni mwongo, ni mwizi, huwatapeli hata waliomtendea hisani, na hakuna mtoto aliyewahi kuomba akamatwe. Ni mdogo, anaweza kuliwa wakati wowote, na ana akili tu ya kumtoa. Kibanga, aliyempiga mkoloni katika kitabu cha shule ya msingi, anakumbukwa na watu wazima wengi kwa sababu mkoloni alikuwa na jela na bunduki nyuma yake, naye alikuwa na mikono yake. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze, ya mwaka 1952, alimpa Adili fadhila zote ambazo binadamu anaweza kubeba. Lakini muulize aliyekisoma kitabu kile kimemwachia nini. Atakutajia manyani wawili wanaochapwa usiku. Manyani hao ni ndugu zake Adili, waliomfanyia hiana, na anawachapa kwa amri ya jini huku moyo ukimuuma. Katika fadhila zote zile, mjeledi ndio uliomfanya Adili kuwa mtu.

Hata wanyama tunawapokea hivyo. Machi 2023 simba aliyeitwa Bob Junior aliuawa na madume vijana ndani ya Hifadhi ya Serengeti, na watu wa nchi nyingi walimwomboleza. Waliomfuatilia kwa miaka mingi walijua kwamba dume anayetawala ataondolewa siku moja, na kwa kulijua hilo walimpenda zaidi. Fisi hawakubahatika. Mwanasayansi Hans Kruuk aliwachunguza Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960 na akaonyesha kwamba huwinda sehemu kubwa ya chakula chao, tena mara nyingi simba ndiye anayewapora. Bado The Lion King ya mwaka 1994 iliwafanya wapumbavu wa kuchekwa. Katika picha ile wanaanza kuwa na uzito pale tu simba mwovu Scar anapowaahidi kwamba njaa yao imekwisha. Njaa tunaielewa.

Sasa tazama tunavyowatendea watu. Mkurya wa vichekesho na picha za Dar es Salaam anaitwa Chacha, Mwita au Marwa. Ni askari au mlinzi, panga haliko mbali, mke anapigwa, lafudhi inavutwa ili watu wacheke. Watu wa Tarime husema ni matusi, na wana haki. Mimi naongeza lawama ya ufundi: ni uvivu. Hajafungua mdomo tayari tunajua atafanya nini. Na mkoa wa Mara umejaa visa visivyotabirika. Vita vya koo na wizi wa ng'ombe viliumiza Tarime kiasi kwamba ikaundwa kanda maalumu ya polisi ya Tarime na Rorya. Chukua kijana ambaye kwao ni jasiri na ng'ambo ya kilima ni mwizi. Ng'ombe wameibwa, wanaume wanafuata nyayo, naye yumo kati yao, na nyayo zinaingia kwenye boma la baba mkwe wake. Mpe Chacha huyo kwa mwigizaji mzuri uone kama kuna atakayecheka.

Linaloniuma kuliko yote ni ngariba. Desemba inapokaribia, hasa miaka inayogawanyika kwa mbili, ambayo ndiyo misimu ya tohara kwa Wakurya, hutungwa maigizo ya kupinga ukeketaji. Kusudi lake ni langu pia. Sheria imekataza tangu 1998 kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18, na wasichana bado wanakimbilia nyumba salama za Mugumu na Masanga. Lakini ngariba wa jukwaani ana macho mekundu, sauti ya kukwaruza na tamaa ya pesa. Watu wanamzomea, wanarudi nyumbani wameridhika, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyemtambua. Ngariba wa kijijini ni bibi wa mtu. Anaamini mjukuu wake asipokeketwa ataitwa omosagane, yaani msichana asiyekeketwa, hadi uzeeni, hataolewa, ng'ombe wa mahari hawatafika. Anampenda mtoto huyo, na kwa upendo huohuo anashika wembe. Mwandishi jasiri angempa bibi hoja zake zote bila kuzipunguza, angemwacha amfunike mjukuu blanketi usiku, halafu angemfikisha alfajiri kwenye uamuzi ambao watazamaji hawaujui.

Wapo watakaosema kwamba kumpa ngariba hoja ni kumtetea. Hoja zile ziko tayari katika kila nyumba ambamo binti anaandaliwa, na shangazi anazisema vizuri kuliko mwigizaji yeyote. Igizo linaloogopa kuzitamka limekubali zisijibiwe. Na binti naye asiwe malaika anayeokolewa na polisi dakika ya mwisho. Anayekimbia anamwacha mama atakayelaumiwa na ukoo, pengine kupigwa. Hilo aliwaze mbele yetu, kwa sauti, kabla hajaondoka. Wanaoandaa maigizo ya msimu ujao waende kwanza kukaa na mangariba walioacha kazi hiyo, maana wapo, wawaulize siku walipoweka wembe chini walikuwa wanamwogopa nani.