KAZI ZA MIKONO NYUMBANI: Habari ya Kuunga Chuma



Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, twasoma ya kuwa Waisraeli hawakuwa na mhunzi katika nchi yao, wakalazimika kuwashukia Wafilisti, adui zao, kunoa majembe na mashoka, tena kwa fedha. Nyumba nyingi za Bariadi, Itilima na Maswa zaijua taabu hiyo kila Novemba. Mvua imenyesha, ng'ombe wamefungwa nira, mara chuma cha plau kikatacho udongo chavunjika. Baba akipeleke mjini, angoje zamu yake, na huku jirani amekwisha kupanda pamba.

Wazee wetu hawakukosa wahunzi. Warongo wa Uzinza, kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria, waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto, na majembe yao yakafika Usukuma, yakatolewa hata kuwa mahari. Majembe ya Ulaya yalipokuja kwa bei ndogo, tanuru zao zikazimika. Atakaye kujua zaidi na aende Makumbusho ya Bujora, huko Kisesa karibu na Mwanza. Mna nyumba ya mhunzi.

Siku hizi vijana wetu huchomelea kwa umeme, na kazi yao naisifu. Lakini wengi hufanya haraka mno. Chuma cha plau ni chuma kigumu; kikichomelewa kingali baridi, kisha kikamwagiwa maji, huwa kama kigae, kikapasuka pale pale kando ya kiungo siku ya kwanza ya kulima. Basi kipashwe moto kwanza juu ya makaa, kiungwe, kisha kifukiwe katika majivu makavu mpaka asubuhi. Hilo si jambo la gharama, ila lataka saburi.

Sasa yako mambo matatu ambayo mwenye nyumba hana ruhusa kuyapuuza.

Kwanza ni macho. Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho bila maumivu ya papo hapo. Usiku ndipo mtu huamka akilia, kana kwamba ametiwa mchanga machoni. Miwani ya jua haifai kitu. Fundi avae kinyago chenye kioo cheusi cha kazi hiyo. Nanyi walimu, waonyeni watoto wasisimame kumtazama fundi wakitoka shule, maana wao ndio wapendao zile cheche.

Tena, bati na mabomba meupe yamepakwa zinki. Yakichomwa hutoa moshi mweupe, na aliyeuvuta hushikwa na homa na kutetemeka usiku ule, akadhani ni malaria. Mara nyingi homa hiyo hupita kwa siku moja au mbili, lakini isipopita, au akipata shida ya kupumua, aende hospitali. Wala asikae nyumbani kwa kudhani bila kupimwa damu. Kunywa maziwa, kama mafundi wengi wasemavyo, hakuutoi moshi kifuani. Maziwa ni chakula chema, basi. Akwangue zinki kwanza, akafanye kazi uwanjani penye upepo.

Lakini lililo kubwa ni pipa. Pipa lililokuwa na petroli au dizeli, hata likionekana kavu, lina mvuke ndani yake, na mvuke ule ukipata cheche hulipuka kama baruti. Wako waliokufa hivyo, wakiacha wajane, kwa sababu ya kutaka kutengeneza tangi la maji. Kulisuza mara moja hakutoshi. Mwanangu mwenyewe nimemkataza kabisa kazi hiyo. Afadhali kununua pipa ambalo halikuwahi kutiwa mafuta. Na pipa la mafuta halifai maji ya kunywa hata likiungwa vizuri namna gani.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza kutia lehemu sufuria na ndoo, na kwa nini lehemu yenye risasi isitumike katika chombo cha chakula.