Dhahabu ina soko, zabibu inaambiwa pole

Test zimeisha, nimepata nafasi ya kushika kibodi. Leo nina hasira.

Wiki mbili hizi nilikuwa Hombolo, hapa hapa Dodoma, shambani kwa baba wa rafiki yangu, tunavuna zabibu. Kwa ambao hamjawahi: unaamka gizani, mkasi mkononi, kreti miguuni, unakata kichala kimoja kimoja huku nyuki wanakuimbia masikioni. Zilizokosa mnunuzi tukazikamua wenyewe nyumbani. Unachambua vijiti, unaponda kwa mikono kwenye ndoo, unamimina kwenye pipa la plastiki na hamira. Maganda yanapanda juu, unayazamisha asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, halafu unachuja. Huo ndio mchuzi wa zabibu. Mimi Msukuma wa Kahama, niliyekulia kwenye habari za maduara na makarasha, nilifurahi kama mtoto!

Furaha ikaishia kwenye bei. Mzee hakuijua mpaka mnunuzi alipofika, zabibu zimeshaiva. Nikamwambia, "Baba, si ukatae?" Akacheka: "Mwanangu, ukibishana naye siku tatu, unabishana na uozo."

Sasa njooni kwetu. Tangu 2019 Geita kuna soko la madini. Mchimbaji mdogo anaingia na gramu zake, zinapimwa, bei inafuata soko la dunia. Safi kabisa, sipingi. Lakini dhahabu hata ukiifungia kwenye leso mwaka mzima haiozi! Zabibu inaoza ndani ya siku chache, na ndiyo isiyo na bei ya uhakika. Kati ya hizo mbili, ipi ilihitaji soko haraka?

Najua mtasema dhahabu inaleta dola. Kweli. Ila Buzwagi pale Kahama uzalishaji ulikoma 2021, na shimo halizai tena. Mzabibu wa Dodoma unavunwa mara mbili kwa mwaka, na ukitunzwa unadumu miaka mingi.

Wengine mtasema mvinyo wa Dodoma ni mtamu mno, wa kienyeji. Haya, mkulima asiye na tenki atasubirije mvinyo ukomae? Anauza mchuzi mbichi kwa hofu, halafu nyie mnamcheka kwa ladha. Utafiti upo, kituo cha Makutupora kipo miaka mingi na kina mbegu zake. Kinachokosekana ni matenki ya pamoja vijijini na bei kutangazwa kabla ya mkasi kushikwa.

Na sisi tusijifiche nyuma ya serikali. Mjomba akipata mawe mazuri Geita, anaagiza chupa ya Afrika Kusini, iliyovuka mipaka mingapi sijui! Dodoma mpaka Kahama ni lami tupu, Singida, Nzega, umefika. Tuliokulia kwenye pamba tunajua uchungu wa kupangiwa bei na mtu aliyekuja na mzani wake. Tunamfanyiaje mwenzetu hivyo hivyo?

Mahafali yanakuja. Tunasoma Dodoma, tunakula Dodoma, halafu tugonge glasi za Stellenbosch? Mimi meza yangu itakuwa ya Dodoma, na wasiokunywa watapata zabibu zenyewe kwenye sahani.

Naomba kutoa hoja. Mwenye kubisha karibu, ila aje na hoja, chupa aiache nyumbani!