Neno la Mhariri: Lubumbashi Kabla ya Lubumbashi

Serikali inapobadili jina la mji, kazi yake humalizika kwa siku moja, ilhali kazi ya anayeandika historia ya mji huo ndiyo kwanza huanza. Kibao cha stesheni hung'olewa, muhuri wa posta huchongwa upya na ramani mpya huchapwa, lakini barua, hukumu za mahakama, vyeti vya kuzaliwa na vichwa vya vitabu vilivyotangulia siku hiyo hubaki na jina la awali, na kila anayevinukuu kwa ajili ya msomaji wa leo hukutana na swali ambalo tangazo la serikali halikulijibu. Toleo hili, ambalo makala zake nyingi zinahusu miji ya Kongo inayozungumza Kiswahili, halikuweza kwenda kwa mpiga chapa kabla ya swali hilo kupata jibu, kwa sababu miswada iliyopokelewa ilitaja Stanleyville na Kisangani, Albertville na Kalemie, Élisabethville na Lubumbashi, mara nyingine ndani ya aya moja, na hapakuwa na mwandishi aliyeeleza kwa nini amechagua hili na kuliacha lile.

Mabadiliko yenyewe yanajulikana. Mwaka 1966, miezi michache baada ya Mobutu kutwaa madaraka Novemba 1965, majina ya kikoloni ya miji mikubwa yalifutwa: Léopoldville, iliyobeba jina la Mfalme Leopold II, ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Élisabethville, iliyoanzishwa mwaka 1910 na kupewa jina la mke wa Mfalme Albert I, ikawa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi, na Albertville, iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, ikawa Kalemie. Bukavu ilikuwa imetangulia, kwani jina la Costermansville liliachwa katika miaka ya 1950, Wabelgiji wenyewe wakiwa bado wanatawala. Oktoba 1971 nchi nzima ikaitwa Zaire, jina lililotangazwa kuwa ni la kurudi kwenye asili ingawa lenyewe ni neno la Kikongo la mto lililopinda katika vinywa vya Wareno, na Mei 1997 nchi ikarudia kuitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Stanleyville mwaka 1958, akaoa Kisangani mwaka 1980 na kumzika mzazi wake papo hapo mwaka 1998, anaweza kuwa na vyeti vitatu vya nchi yenye majina matatu, naye hajahama hata mtaa.

Njia nyepesi ni kuweka jina la sasa kila mahali, na wanaoitetea wana hoja isiyofaa kubezwa. Majina yaliyofutwa hayakuwa majina tu, bali yalikuwa sanamu zilizosimamishwa kwa herufi, na msomaji kijana wa Kiafrika hana deni lolote la kuendelea kumtukuza Leopold kila anaposoma habari za mji wa babu zake. Dhidi ya hoja hiyo wahariri wengi hutaja anakronia, yaani kosa la kulitia jambo katika wakati usio wake: kusema kwamba Patrice Lumumba aliuawa karibu na Lubumbashi Januari 1961 ni kuutaja mji kwa jina ambalo wauaji wake, mashahidi na magazeti ya wiki ile hawakuliandika. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni fupi mno, kwa sababu linachukulia kwamba majina mawili yalikuwa vibandiko viwili vya kitu kimoja, na kwamba kinachobaki ni kujua tarehe ya kubandua kimoja na kubandika kingine. Uchunguzi wa hati hauthibitishi hivyo.

Lubumbashi si jina lililobuniwa mwaka 1966. Ni jina la mto mdogo upitao hapo, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilipojenga kando yake kiwanda cha kuyeyushia shaba, kilichoanza kazi mwaka 1911, kiwanda hicho kiliitwa kwa jina la mto. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, majina yote mawili yalikuwepo kwa pamoja, moja likiwa la mji na jingine la kiwanda chenye bomba refu la moshi na eneo linalokizunguka, na mtafiti anayekutana na neno Lubumbashi katika karatasi za mwaka 1930 hana budi kujiuliza kama linataja mto, kiwanda au makazi ya wafanyakazi wake. Ichukuliwe sentensi ya mfano inayosema kwamba siku ya mshahara mfanyakazi alitoka Lubumbashi kwenda Élisabethville kununua kitambaa. Mhariri akiiamuru kompyuta igeuze kila Élisabethville kuwa Lubumbashi, mfanyakazi huyo atakuwa ametoka Lubumbashi na kwenda Lubumbashi, na umbali kati ya kambi ya wachimbaji na maduka ya Wazungu, ambao ndio moyo wa historia ya mji wa kikoloni, utakuwa umefutwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kinshasa nayo iko hivyo hivyo: kilikuwa kijiji, kisha eneo la bandari upande wa mashariki, wakati kituo ambacho Stanley alikianzisha mwaka 1881 na kukiita Léopoldville kilikuwa upande wa Kintambo, magharibi, na jina la sehemu moja lilikuja kutandazwa juu ya mji mzima baadaye sana. Tangazo la mwaka 1966 halikubadili majina peke yake. Lilipanua mipaka ya majina yaliyokuwepo.

Hata hivyo kanuni ya jina la wakati ule, ikishikwa bila kuulizwa, huzaa dhuluma nyingine, kwani huchukulia kwamba jina lililoandikwa ofisini ndilo pekee lililokuwepo. Kisangani ni ushahidi mzuri. Kituo cha Stanley Falls, ambako Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliteuliwa kuwa gavana mwaka 1887, kilikua na kuwa mji ambao wasemaji wa Kiswahili waliuita Kisangani muda mrefu kabla serikali yoyote haijaona haja ya kuliandika jina hilo kwenye ramani. Kwao tangazo la mwaka 1966 halikuleta jina jipya. Lilikuwa ni serikali kukubali kusema walichokuwa wakisema wao. Askari wa miavuli wa Ubelgiji walipodondoshwa hapo tarehe 24 Novemba 1964 kuwapokonya mji wapiganaji wa Simba, ambao jina lao lenyewe ni la Kiswahili, mji mmoja ulitekwa ukiwa na majina mawili, na mwandishi anayelisimulia tukio hilo kupitia simu za maandishi za Brussels hasimami mahali pamoja na yule anayelisimulia kupitia kumbukumbu za wauza samaki wa ukingo wa mto. Wote wawili wanatumia jina la wakati ule, na wote wawili wako sahihi, mradi kila mmoja aoneshe anazungumza kwa kinywa cha nani.

Kuna andiko moja ambalo linafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu limeandikwa kwa Kiswahili na watu wa mji wenyewe. Mwaka 1965, yaani mwaka mmoja tu kabla ya jina kubadilishwa, André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, historia ya mji wao iitwayo Vocabulaire de ville de Elisabethville, ambayo licha ya jina lake si orodha ya maneno bali ni masimulizi ya namna mji ulivyojengwa na waliopika, waliofua na waliopasi ndani yake. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990, wakati mji ulikuwa umeitwa Lubumbashi kwa miaka 24, na jina la zamani halikuguswa. Inafaa ieleweke kwamba jina la malkia wa Ubelgiji katika kichwa hicho si heshima kwa malkia. Ni anwani ya kazi ya watu hao: ndilo jina la mahali walipoitwa boi wakiwa na wajukuu, na kuwaandikia Lubumbashi kungekuwa kuwapa mji ambao kwa wakati ule hawakuwa nao. Hapa mtetezi wa jina jipya, kwa nia njema kabisa, angewanyang'anya wafanyakazi ushuhuda wao.

Mfano wa pili unatoka nje ya Kongo, nao unahusu sheria. Mwaka 2006 Rwanda ilipopanga upya utawala wake ilibadili majina ya miji kadhaa, Butare ikawa Huye, Gisenyi ikawa Rubavu na Ruhengeri ikawa Musanze. Wakati huo, katika mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, ilikuwa ikiendelea kesi ya washtakiwa sita wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 iliyojulikana kama kesi ya Butare, na hukumu ilipotolewa Juni 2011, miaka mitano baada ya jina kuondolewa, ilitolewa bado kwa jina hilo. Isingewezekana vinginevyo, kwa kuwa mashahidi walieleza yaliyotendeka Butare na hati za mashtaka ziliandikwa Butare. Lakini mwandishi anayeeleza bei ya viazi au ujenzi wa barabara katika mji huo leo hana kisingizio hicho. Aandike Huye, hata kama kondakta wa basi bado anaita Butare.

Mingine inaweza kutajwa kwa kupita. Wilhelmstal ni Lushoto, Bismarckburg ni Kasanga, Usumbura ni Bujumbura na Fort Hall ni Murang'a, na hakuna anayegombana kuhusu hiyo tena. Nyahururu imelipokea jina lake vizuri, ingawa maporomoko yanayoupa mji huo watalii wake bado yanaitwa Thomson.

Kutokana na hayo, toleo hili limefuata utaratibu ufuatao, ambao haudai kuwa sheria ya milele. Tukio linatajwa kwa jina lililotumiwa na wanaosemwa katika sentensi hiyo, na pale wanaosemwa walipotofautiana, kama ilivyokuwa Kisangani, mwandishi ameombwa aoneshe majina yote mawili anapoutaja mji kwa mara ya kwanza na kuendelea na lile la upande anaousimulia. Vichwa vya vitabu, majina ya kesi na maneno yaliyonukuliwa havikuguswa. Mambo ya leo yameandikwa kwa jina la leo. Fahirisi, yaani orodha ya majina iliyo mwishoni, imepangwa kwa majina ya sasa, na majina ya zamani yamewekwa humo yakimwelekeza msomaji kwa jipya, isipokuwa pale jina la zamani lilipotaja eneo dogo kuliko la sasa. Hapo kila moja limepewa mstari wake.

Limebaki jambo moja ambalo utaratibu huo haukulitosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jimbo la Katanga lilipewa jina la Shaba, likarudishiwa jina la Katanga mwaka 1997, na mwaka 2015 likagawanywa kuwa majimbo manne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mapigano ya mwaka 1977 na 1978 yatabaki kuwa vita vya Shaba, ingawa Kolwezi, yalikofikia kilele, leo imo Lualaba. Kiswahili kinachozungumzwa huko, hata hivyo, hakina tarehe. Wanaisimu waliokichunguza zama za Mobutu walikiita Kiswahili cha Shaba, walioandika baadaye wanakiita cha Katanga, na wazungumzaji wake wengi wanakiita Kiswahili tu, pasipo kuona haja ya kuongeza neno. Makala mbili za toleo hili zinakihusu, moja ikitumia jina la kwanza na nyingine la pili, na baada ya mashauriano marefu na waandishi wake zote mbili zimeachwa kama zilivyoandikwa.